Mwana Hiti Arudi kwa Nani?

Mwana hiti hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili cha mviringo kama kipande cha mchi, kitovu, matiti madogo mawili, na kichwa ambacho nywele zake zimegawanywa katikati zikasimama pande mbili. Wengi hawazidi urefu wa kiganja. Huchongwa na mwanamume lakini ni mali ya wanawake. Kwa Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, na kwa jirani zao Wakwere, Wakutu na Waluguru, alikuwa mwenzi wa mwali aliyewekwa ndani. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akalala naye. Siku ya kutolewa ilipopita, mwana alirudi kwa shangazi au bibi, akangoja mwali mwingine wa ukoo.

Leo anayetaka kuwaona wa zamani wakiwa wengi pamoja atakata tiketi ya Ulaya. Kitabu kikubwa kilichobeba jina lake, cha Marc Leo Felix, kilichapishwa Munich mwaka 1990. Na huu mjadala wa kurejesha malikale, ambao umepata nguvu tangu Rais Steinmeier wa Ujerumani aombe radhi Songea kwa maovu ya ukoloni tarehe 1 Novemba 2023, kila ninapousikia huwa ni mazungumzo ya miji miwili: Berlin na Dar es Salaam. Kisarawe haimo. Kibaha, ingawa ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, hutajwa tu pale lori linapoharibika na foleni ikafika Mlandizi.

Kwa hiyo nimewakalisha watu wanne barazani Maneromango, wilayani Kisarawe. Ni wa kutunga wote, na ndiyo maana sikuwapa majina. Hoja zao sikuzitunga. Mhifadhi wa makumbusho ni Mnyamwezi wa Tabora ambaye kazi yake yote imekuwa kufuatilia vitu ambavyo Wajerumani walikusanya, huku kwetu na katika visiwa vya Pasifiki. Mwalimu ni mstaafu, mkazi wa Kibaha. Kijana ni mchongaji, mzaliwa wa Kisarawe, anafanya kazi kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Wa nne ni Bi Kungwi. Baraza ni lake, kahawa ni yake, na yeye ndiye anayeamua nani anyamaze. Msomaji akumbuke pia kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo matusi machache yatakayosikika hapa ni ya halali.

MWALIMU: Nianze na swali la kikorofi. Ndugu yetu huyu amemaliza ujana wake kusoma Papua, Samoa, Vanuatu. Mtu wa Tabora! Kule hata bahari hamna. Makumbusho yetu ya Taifa yana nini cha Pasifiki?

BI KUNGWI: Mwache, mtani wangu alikuwa anatafuta njia ya kurudi kwao akapotea.

MHIFADHI: Nilifuata mafaili, bibi, ndiyo yaliyonipeleka. Ukifuatilia kitu cha Uzaramo kilichokwenda Berlin, unafika kwenye meza ya Felix von Luschan. Alianza kazi katika makumbusho ya kule mwaka 1885, na baadaye akaongoza idara moja iliyoitwa Afrika na Oceania. Idara moja, mabara mawili. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba vitu vyote vitakavyokusanywa na misafara iliyolipiwa na serikali katika makoloni vipelekwe kwanza Berlin. Basi mitumbwi ya New Guinea na ngoma za huku zikapita mlango ule ule, zikaandikwa katika madaftari ya idara ile ile. Mpaka leo British Museum kule London ina idara inayoitwa Afrika, Oceania na Amerika. Sisi na watu wa Vanuatu ni majirani wa stoo, mwalimu, ila hatujawahi kuamkiana.

BI KUNGWI: Maneno mengi. Walichukua nini?

MHIFADHI: Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin peke yake yana vitu kama 10,000 vilivyotoka ardhi hii tunayoiita Tanzania. Vingine vilinunuliwa. Vingine vilitolewa zawadi, na zawadi kwa mtu mwenye bunduki unaijua ilivyo. Vingine vilichukuliwa vitani, hasa vita vya Majimaji.

BI KUNGWI: Majimaji ilifika hapa. Jumbe Kibasila wa Kisangire walimnyonga.

MHIFADHI: Walimnyonga. Na von Luschan hakuishia kwenye mikuki na ngoma. Alikusanya mafuvu ya watu. Mwaka 2023 Berlin walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi ni ya Rwanda. Ya kwetu ni 202. Kwa vipimo vya vinasaba, machache tayari yamepatiwa ndugu walio hai, kule Uchagani.

BI KUNGWI: Waliyataka ya nini?

MHIFADHI: Kuyapima.

BI KUNGWI: Kupima nini kwenye kichwa cha mtu aliyekwisha kufa?

Mhifadhi alijaribu kueleza, na sitayarudia hapa maelezo yake juu ya sayansi ya mbari, kwa sababu swali la Bi Kungwi lilikuwa jibu tosha. Kibasila, kwa wasiomjua kupita jina la sekondari ya Dar es Salaam, alikuwa jumbe katika Uzaramo wakati serikali ya Gavana von Götzen ilipoleta mashamba ya pamoja ya pamba, mwaka 1902. Watu walilimishwa kwa zamu, na ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba wengine walikataa kuupokea. Vita vya Majimaji vilianza 1905. Kwa hiyo tunaposema kitu kilikusanywa Uzaramo miaka ile, tuikumbuke na pamba.

MWALIMU: Sawa, walichukua. Lakini tusijifanye malaika. Mwaka 1984 makumbusho yetu wenyewe, pale Dar es Salaam, yaliibiwa. Kinyago cha Kimakonde kiliondoka pamoja na vitu vingine, na mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirudi lini? Mei 2010! Ukiniambia vitu vitakuwa salama Mtaa wa Shaaban Robert, nitakuuliza usiku ule mlinzi alikuwa wapi.

MHIFADHI: Wizi siukatai. Lakini tazama kilivyorudi. Mwaka 1990 mtaalamu Mtaliano alikiona akakitambua. Miaka 20 ya kuvutana ikafuata, mpaka wakakiachia. Kilirudi kwa sababu kilikuwa na kumbukumbu: kinajulikana ni cha nani na kilitoka wapi. Mwana hiti aliyeondoka Uzaramo enzi za Mjerumani hana karatasi kama hiyo. Kadi yake ya makumbusho ikiandikwa "Wazaramo", ana bahati. Jina la mwali hakuna, la mchongaji hakuna, kijiji hakuna. Nikienda kumdai nitasema nini? Kwamba tunafanana?

Hapa ndipo ninapoiona kazi ya mhifadhi wa leo, kwenye nafasi tupu za ile kadi. Wengi hudhani ni mtu wa kufuta vumbi na kuongoza wanafunzi wa shule mstarini. Wizara nayo, naona, humkumbuka zaidi anapokuja balozi. Lakini kujaza mstari mmoja wa kadi, kwa mfano jina la kijiji, kunaweza kula miaka: barua za wamisionari Walutheri wa Kijerumani waliofungua vituo Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890, ripoti za maofisa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo humshinda, orodha za meli, na mwisho mazungumzo na mzee ambaye huenda asiwepo mwakani. Hilo la mwisho ndilo lenye bajeti ndogo kuliko yote.

KIJANA: Mimi niseme la kazini kwangu. Mwenge tunachonga mwana hiti, wageni wanawapenda, wadogo, wanaingia kwenye begi. Unajua tunaangalia wapi? Picha. Mwenzetu ana kurasa za kitabu cha Ulaya alizotoa kopi, zimekwisha kuwa kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Picha zote ni za mbele. Kisogoni fundi wa zamani alimalizia vipi, hatuoni. Alikata kwa tezo au alimalizia kwa kisu, hatuoni. Kwa hiyo kila mtu anabuni kisogo chake. Mimi ni Mzaramo, nachonga mtoto wa bibi yangu kwa kubahatisha upande mmoja. Wakinirudishia hata mmoja nimgeuze tu mkononi, mimi nimetosheka.

BI KUNGWI: Ungekuja kuniuliza.

KIJANA: Bibi, mimi mwanamume. Ungeniambia?

BI KUNGWI: Kisogo ningekwambia. Mengine nisingekwambia.

MWALIMU: Na hapo ndipo mnaponichosha. Siri, siri! Mimi nimefundisha Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, tukakabidhiwa wenyewe mwaka 1970: sekondari, hospitali ya Tumbi, kilimo, vyote mahali pamoja. Sikuwahi kusikia mzazi analalamika kwamba mtoto wake hajui mwana hiti. Nilichosikia ni mabinti kukosa shule kwa sababu wamewekwa ndani. Wakitoka, mchumba yuko mlangoni. Hicho kitu kikirudi kwenye kabati la vioo, hewala. Kikirudi kazini, mimi napinga.

BI KUNGWI: Mwalimu, mwanangu, umekaa Kibaha siku nyingi mno. Mimi mwenyewe nilikaa ndani mpaka nikasahau njia ya mtoni, nakubali, na kusoma sikusoma. Wajukuu zangu wanawekwa likizo ya Desemba. Shule ikifunguliwa wamo darasani, na sare nimewanunulia mimi. Kama kuna kungwi anayemuoza mwanafunzi, mpelekeni polisi, na mimi nitakuja kutoa ushahidi. Ila usiniambie mtoto akivunja ungo afundishwe na simu.

MWALIMU: Sijasema simu.

BI KUNGWI: Na mwana hiti wa mti siku hizi hayupo. Tunatumia kibuyu. Mwingine anapewa mwanasesere wa dukani, wa plastiki, macho ya buluu. Unataka tubaki na huyo?

Nakiri hoja ya mwalimu ina uzito kuliko watetezi wa mila wanavyopenda kukubali, na Mkoa wa Pwani una kesi za kutosha za mabinti walioacha masomo baada ya ngoma. Lakini anachanganya mambo mawili. Kupinga ndoa ya mwanafunzi hakumpi mtu wa Berlin haki ya kumiliki mwana wa ukoo wa Maneromango. Mtu anaweza kuacha kabisa kuitumia mali yake na bado ikawa mali yake.

MWALIMU: Basi niulize jingine. Wote waliporwa? Maana nasikia wengine waliuzwa na wenyewe.

BI KUNGWI: Waliuzwa. Misheni walisema ni ushenzi, masheikh wakasema sanamu ni haramu, kwa hiyo aliyekuwa naye alimficha darini. Halafu ikaja njaa. Wakaja madalali wanauliza nyumba hadi nyumba, "Bibi, huna kitoto cha zamani?" Mtu ana watoto wa kweli wanalia. Angefanyaje?

MHIFADHI: Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilikuwa tayari inakataza kusafirisha vitu hivyo nje bila kibali. Kwa hiyo aliyeuza kwa njaa tumsamehe, ila aliyepita navyo uwanja wa ndege alikuwa mhalifu. Yaani wako walioondoka na Wajerumani, na wako walioondoka sisi tukiwa huru, bendera inapepea. Hawa wa pili hatuwataji kwa sababu wanatuaibisha.

KIJANA: Haya, Pasifiki yako ina dawa gani? Maana umetuleta huko ukatuacha.

MHIFADHI: Ina mbili za kufikiria. Mwaka 1984 vitu vya Wamaori wa New Zealand vilioneshwa Metropolitan Museum, New York. Vilikwenda na wazee wao. Maonyesho yalifunguliwa alfajiri, kwa sala na nyimbo zao, wazee wenyewe wakitangulia mbele. Watu wa makumbusho wakaelewa kwamba hivi vitu vina wenyewe na wenyewe wako hai. Nchi ile ikaja kujenga makumbusho ya Te Papa, na tangu 2003 ina mpango wa serikali wa kurudisha mabaki ya watu wao. Ufaransa ilitunga sheria maalumu ili iweze kuwarudishia vichwa.

BI KUNGWI: Na ya pili?

MHIFADHI: Vanuatu. Kituo chao cha utamaduni kina watu vijijini, wanaume kwa wanawake, wakulima wa kawaida, wanaojitolea kuandika na kurekodi mila za kwao. Hukutana kila mwaka, wanalumbana, wanarudi mashambani. Mwanamke mmoja, Lissant Bolton, alisaidia kuanzisha upande wa wanawake miaka ya 1990, kisha akaja kuongoza ile idara ya British Museum niliyoitaja. Na kituo kina chumba cha vitu vya siri. Rekodi ya wanawake haichezwi mbele ya wanaume kama wenyewe hawataki. Mwenye siri ndiye anayesema nani afungue.

BI KUNGWI: Hiyo naipenda. Huko hawana bahari tu, wana na akili.

MWALIMU: Na sisi tunacho nini?

MHIFADHI: Tuna Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kina nyumba ya Kizaramo. Tuna kitabu juu ya vitu vya vita vya kikoloni vilivyoko Berlin, kilitoka mwaka 2018 kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo. Tuna maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa na Watanzania na Wajerumani, yakafunguliwa Berlin mwishoni mwa 2024.

BI KUNGWI: Hicho kitabu Maneromango kimefika?

Mhifadhi aliitazama kahawa yake. Na mimi nitamsaidia kwa kusema wazi ninaloliamini: umbali kutoka Berlin hadi Dar es Salaam unazungumzwa sana kwa sababu una mawaziri wawili. Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Maneromango hauna waziri. Mtu wa Kibaha akitaka kwenda Kisarawe, wilaya jirani za mkoa mmoja, mara nyingi hupitia mjini kwanza ndipo apande gari la Kisarawe. Vitu navyo vitapita mjini, na vikishafika mjini kuna kila sababu ya kiofisi ya kuvibakiza: stoo yenye kiyoyozi, wataalamu, wageni. Sababu hizo ndizo Berlin walizotumia kwa miaka mingi, na tulizikataa.

MWALIMU: Lakini Maneromango viwekwe wapi? Ofisi ya kijiji? Mchwa watavimaliza kabla ya mvua za vuli.

BI KUNGWI: Mchwa tumeishi nao. Mimi nataka mwana mmoja, aje awekwe na mwali, aogeshwe, apakwe mafuta. Akikaa kabatini bila mafuta ni kuni.

MHIFADHI: Bibi, hapo kuna tatizo, na lazima nikwambie. Zamani makumbusho ya Ulaya yaliua wadudu kwa sumu. Walipulizia vitu aseniki, zebaki, baadaye DDT. Sumu hiyo inakaa ndani ya mti miaka mia. Sisi wenyewe tunavishika kwa glavu. Mpaka apimwe, mwana aliyetoka kule hawezi kupewa binti amwogeshe na alale naye.

BI KUNGWI: Wamemtia sumu mtoto?

MHIFADHI: Walitaka adumu.

BI KUNGWI: Wamemtia sumu mtoto ili adumu. Haya.

KIJANA: Basi mimi nitachonga mwingine. Ndiyo maana nilisema nimgeuze tu, hata kwa glavu zenu. Wa zamani akae mahali pake, nije nimtazame kisogo, nichonge mpya, huyo ndiye apewe mwali.

MWALIMU: Kwa hiyo wa zamani haendi kazini. Ndivyo nilivyosema mimi tangu mwanzo.

BI KUNGWI: Hukusema hivyo. Ulisema kabati. Mimi nasema chumba, hapa hapa, chenye mlango, na ufunguo akae nao mwanamke. Wanaume mtakuja mkiitwa. Na ile kadi mnayoisema, pale penye maelezo ya matumizi, muandike ni mwana wa mwali, basi. Mafunzo ya siri ya mkoleni hayaandikwi.

MHIFADHI: Kitu cha taifa, bibi, ufunguo unakaa serikalini. Ni sheria.

BI KUNGWI: Sheria iliandikwa na watu, kaongee nao. Wewe si umesoma Vanuatu?

MHIFADHI: Nitaandika pendekezo.

BI KUNGWI: Andika mawili. Na utuletee watu wa kufundisha wasichana wetu hiyo kazi yako, wakae hapa Kisarawe, waandike wenyewe. Nimechoka kusimuliwa mambo ya chumbani kwangu na mtu wa Tabora.

MHIFADHI: Mtani, hata mimi nimechoka kukusimulia.

BI KUNGWI: Ninyi mlibeba pembe za ndovu za watu mkapita nazo Uzaramo mpaka pwani, mabega yamewaota sugu, na hamkulalamika. Sasa mzigo wenyewe hauzidi kiganja. Kaubebe uturudishie.

MHIFADHI: Nitabeba. Lakini mizigo ile ilikuwa na mlipaji. Huu nani analipa nauli?

MWALIMU: Berlin.

KIJANA: Mpaka Dar es Salaam. Kutoka pale hadi hapa je?